Dawa ya Mvuke ya Mwalimu Cornelius

Lurambi nzima hakukuwa na mtu aliyejua ubaya wa sigara kumshinda Mwalimu Cornelius, wala aliyezivuta kwa bidii kama yeye. Alikuwa naibu wa mwalimu mkuu na mlezi wa chama cha wanafunzi cha kupinga dawa za kulevya. Kila Ijumaa alisimama gwarideni na kuwasomea wavulana madhara ya tumbaku bila kutazama karatasi: kemikali zaidi ya elfu saba ndani ya moshi, saratani ya mapafu, saratani ya koo, mishipa ya moyo kuziba, pumzi kumkatikia mtu angali kijana. Akimaliza, alikwenda nyuma ya choo cha walimu akawasha moja. Wavulana walijua, wapishi walijua, na mwalimu mkuu alijua pia lakini alikuwa anangoja kustaafu kwa amani.

Mkewe Roda alimdharau kwa namna ambayo wake wengi huwadharau waume wenye vyeo, yaani kimya kimya, huku akimpigia mashati pasi. Kikohozi cha mumewe alikuwa amekizoea kama jogoo wa jirani. Kilipoanza kutoa makohozi yenye rangi, daktari wa kifua alimwambia Mwalimu aache sigara, na Mwalimu akatangaza kanisani kwamba ameacha. Waumini wakapiga makofi. Muda si muda akaanza kutembea na kidude chembamba mfano wa kalamu, akikinyonya na kutoa wingu jeupe lenye harufu ya minti.

"Hicho ni nini, mwanangu?" mama yake aliuliza. Mama Dinah alikuwa ametoka Matete kuja kumshikia Roda mtoto, Nekesa, binti wa miaka miwili ambaye Mungu aliwaletea walipokuwa wameshafunga hesabu ya kuzaa.

"Hii, Mama, ni kujifukiza tu. Kujifukiza kwa kisasa. Si nyinyi hujifunikanga blanketi na sufuria ya majani ya mkaratusi mkikohoa? Basi mimi sufuria yangu nimeiweka mfukoni."

"Na moto?"

"Haina moto. Haina moshi. Ni mvuke. Utafiti wa wazungu umeonyesha ni salama kuliko sigara kwa asilimia tisini na tano."

Mama Dinah hakujua asilimia ni kitu gani, lakini alijua mwanawe anazijua, na hilo lilimtosha. Alimlea kwa kulima vibarua katika mashamba ya miwa ya watu ili ajue vitu kama hivyo. Akakaa pale kitini akiunusa ule mvuke na kusema unafungua pua.

Roda yeye aliona kitu kimoja tu. Zamani mumewe alivutia nje. Sasa alivuta mvuke ndani, kwenye kochi, mtoto akiwa magotini, na sigara zake bado akazifuata kule nje. Kichupa cha maji ya kujazia kile kidude alikiweka kwenye rafu ya dirishani, katikati ya mafuta ya kuchua na dawa ya kikohozi ya mtoto.

"Baba Nekesa, hii kitu si uiweke mbali?"

"Wewe kemia ulisomea wapi?" Mwalimu alimuuliza, bila kuinua macho kwenye gazeti.

Roda aliishia darasa la nane, na mumewe alijua hivyo wakati wa kumposa. Akaenda kuchagua maharagwe yake ya kupeleka sokoni.

*

Siku ya soko mvua ilinyesha tangu alfajiri, wateja wakawa haba, na Roda akafunga gunia lake mapema. Alipoingia nyumbani alimkuta Mama Dinah amemlaza Nekesa mapajani, akimpepea kwa ncha ya leso. Mtoto alikuwa amelowa jasho. Mate yalimtiririka kama mtoto anayeota meno, midomo imekuwa rangi ya majivu, na mikono ilitetemeka ovyo. Kando yao sakafuni kulikuwa na matapishi.

"Ameanza saa hii tu," Mama Dinah alisema. "Kifua kilikuwa kinambananga tangu asubuhi. Nikataka nimfukize, lakini kuni zimenyeshewa zote. Nikasema basi nimpake ile dawa ya Mwalimu, ya mvuke. Nimempaka kifuani na mgongoni, nikasugua vizuri iingie."

Yeyote aliyekulia Matete angefanya vivyo hivyo. Kinachofukiza hupakwa, na kinachopakwa hufukiza. Mafuta ya kuchua ya madukani watu huyatia kwenye maji ya moto wakajifunika blanketi, na usiku huohuo wakajisugua yaleyale kifuani. Kikongwe hakukosea hata hatua moja. Aliambiwa na mwanawe kwamba ile ni dawa ya kujifukiza, naye akaitumia kama dawa ya kujifukiza.

Roda alimnyakua mtoto. Mkono wake wa pili ulikichukua kile kichupa rafuni ukakitumbukiza kifuani mwa blauzi, na hakuweza baadaye kueleza kwa nini, maana wakati huo hakujua kwamba ni sumu. Akasimamisha bodaboda barabarani, akampigia mumewe akiwa njiani kumweleza mtoto amepakwa nini, nusu ya maneno yakichukuliwa na upepo.

*

Hospitalini walipokelewa na daktari mmoja msichana, Chelimo, aliyekuwa na macho ya mtu ambaye hajalala vya kutosha. Alimfungua Nekesa macho akatazama mboni, akasikiliza moyo, akagusa lile jasho.

"Mama, amegusa dawa ya shamba? Ya kunyunyizia mahindi, au ya kupe?"

"Hapana, Daktari. Nyanya yake amempaka..."

Mlango ukafunguka akaingia Mwalimu Cornelius na tai yake, na mara chumba kikawa chake. Alijitambulisha kwa cheo kabla ya jina. Kisha akamgeukia daktari na kuanza Kiingereza, kile cha gwarideni, kirefu na chenye vituo. Roda hakukosa yote. Aliokota neno la ng'ombe, neno la mama mzee, na neno la mtu asiyejua kusoma. Mumewe alikuwa anaeleza kwamba mama yake alikuja kutoka kijijini na dawa ya kupe, akampaka mtoto kwa ujinga wake, na chupa yenyewe imeshatupwa.

"Huyu ni mke wangu," alimalizia kwa Kiswahili, kama anayeonyesha kiti. "Amechanganyikiwa. Niulize mimi."

Roda alimtazama. Alimtazama yule mtu aliyekuwa tayari mwanawe atibiwe ugonjwa usio wake mradi jina lake libaki safi. Kwa miaka yote alidhani anachokihisi kwa mumewe ni uchovu. Sasa alijua jina lake hasa, dharau, na ajabu ni kwamba kulijua kulimpa nguvu.

Akaingiza mkono kifuani akatoa kichupa.

"Daktari, ni hii. Nyumbani hatuna ng'ombe."

Mwalimu alisema kitu kwa Kiluhya, upesi, cha kumnyamazisha. Chelimo alikwisha kukichukua kichupa na kukisoma mgongoni. Uso wake ukabadilika.

"Nikotini. Ameoshwa?"

"Bado."

"Sista, mvue nguo zote. Sabuni na maji mengi, sasa hivi, kifua na mgongo." Akageuka. "Hii inapenya ngozi, Mwalimu. Ningempa dawa ya sumu nyingine huku hii inaendelea kuingia. Ulijua ni nini?"

"Daktari, tusikuze mambo. Utafiti umeonyesha hii ni salama kwa asilimia tisini na tano kuliko..."

"Kuliko sigara. Huo utafiti naona umeupenda. Sigara inaua hadi nusu ya wanaong'ang'ana nayo. Kuwa afadhali kuliko sigara ni sifa ndogo sana." Alikuwa anaongea huku anafunga mpira wa kipimo kwenye mkono mdogo wa Nekesa. "Tena hayo yalisemwa juu ya mtu aliyeacha sigara kabisa akashika hii. Wewe umeacha?"

Mwalimu akarekebisha tai.

"Anavutanga zote mbili," Roda alisema.

"Basi hukupunguza, umeongeza. Na huo mvuke si maji. Una nikotini, ambayo inakamata mtu vilevile na kusukuma moyo. Una chembe ndogondogo zinazoenda moja kwa moja kwenye mapafu. Madhara ya miaka thelathini hatujayajua kwa sababu kitu chenyewe hakijafika huko. Kutojua si usalama. Huyu mtoto kifua kimeanza kumbana lini?"

Roda alihesabu moyoni. Kilianza pale mvuke ulipohamia kwenye kochi. Akamtazama mumewe, na Mwalimu akatazama ukutani, ambako palikuwa na bango lililomkataza mtu kuvuta sigara.

Nekesa alitapika mara moja tena, kisha jioni ilipofika akaacha kutetemeka. Walimlaza wodini akiwa na mpira wa hewa puani. Kesho yake aliomba uji, na Roda akalia kwa mara ya kwanza, akiwa ameshika kikombe.

*

Kuna watu ambao aibu huwafundisha. Mwalimu Cornelius hakuwa mmoja wao. Kabla Nekesa hajatoka wodini, ile hadithi ya dawa ya kupe ilikuwa imeshafika kanisani, shuleni, na kwa mwenye duka la kona, kila mahali ikiongezwa chumvi. Siku zile alikuwa anangoja usaili wa ukuu wa shule, na mlezi wa chama cha kupinga dawa za kulevya hawezi kukutwa na nikotini nyumbani kwake.

"Yaliyosemwa kule kwa daktari yabaki kule," alimwambia Roda. "Mambo ya nyumba hayatoki nje."

"Na Mama?"

"Mama amezeeka. Nitamrudisha Matete mwisho wa mwezi. Atatuulia mtoto."

Mama Dinah alikuwa haingii tena sebuleni. Nekesa alipomkimbilia akiita "Kukhu," yaani nyanya, kikongwe aliirudisha mikono yake nyuma, akaificha chini ya leso. Roda alimkuta jikoni akijisugua vidole kwa majivu, vidole vilivyokwisha kutakata.

"Mama, haikuwa dawa ya kupe. Ilikuwa ile ya Mwalimu. Nimesikia daktari kwa masikio yangu."

"Hapana, Mama Nekesa. Amenieleza pole pole. Amesema nilitoka nayo Matete nikasahau, nikachanganya chupa." Alitikisa kichwa. "Mimi nilikumbuka ilikuwa inanukia, lakini akili ya mzee ni ya kuazima. Yeye amesoma. Mwanangu hawezi kunidanganya."

Unaweza kumtoa mtoto sumu kwa sabuni na maji, lakini hii nyingine, ya uongo, ilikuwa imepakwa na mikono aliyoiamini kikongwe, ikasuguliwa vizuri iingie.

*

Jumapili baada ya ibada walikuja wageni wawili. Wa kwanza alikuwa Mchungaji Wanzala, aliyealikwa kuomba maombi ya shukrani. Wa pili hakualikwa. Aliitwa Osiako, mkulima wa miwa kutoka Butere, mtu wa mabega mapana aliyevaa koti lililombana, na kwapani alibeba jogoo mwekundu amefungwa miguu. Kijana wake, Tyson, alikuwa amesimamishwa masomo kwa kukutwa bwenini na vepu, kidude cha kuvuta mvuke, na mitihani ilikuwa mlangoni.

"Mwalimu, nimekuletea ingokho," Osiako alisema, akimkabidhi jogoo kwa mikono miwili. "Kijana amekosa. Mimi mwenyewe nimemchapa. Lakini akikosa huu mtihani, basi ni panga na miwa kama mimi."

"Sheria ni sheria, mzee. Siwezi kuchezea mapafu ya watoto wa watu."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Roda, mchinje huyo. Wageni wale."

Kwa hiyo Roda alinyonyoa jogoo wa kuombea msamaha, mlango wa jikoni ukiwa wazi, na mazungumzo ya sebuleni akayasikia yote. Mchungaji aliomba. Alishukuru kwa uhai wa Nekesa, kisha, kwa kuwa mwenye nyumba alikuwa amemdokeza, akawaombea wazee wa vijijini wasiojua kusoma, wasije wakawadhuru malaika wa Mungu kwa kutojua. Mama Dinah, aliyekaa kwenye mkeka karibu na mlango, aliitikia amina kwa sauti kuliko wote.

"Lakini, Mwalimu," Osiako alisema baada ya amina, kwa unyenyekevu, "zile vitu mliwanyang'anya, ziko salama? Nisisikie zimerudi kwa wanafunzi. Ile ya Tyson mlinionyesha mezani siku ile, na kale kachupa kake. Alikachora mpaka T ya jina lake kwenye kifuniko, mjinga yule."

"Tulizichoma zote. Mbele ya gwaride."

Jikoni, Roda aliacha kisu. Kichupa kilikuwa bado kwake, ndani ya mkebe wa majani ya chai; daktari alikuwa amemrudishia akamwambia akiweke mbali na watoto. Alikitoa akakigeuza. Kwenye kifuniko, iliyokwaruzwa kwa ncha ya sindano, palikuwa na herufi T. Alikuwa ameiona tangu siku ile akadhani ni alama ya kiwanda.

Hakukasirika. Alicheka, kicheko kifupi cha puani, na akaendelea kukatakata vitunguu. Kumbe alichokuwa ananyonya bwana huyu, cha kisasa, cha utafiti wa wazungu, alikuwa amewapokonya watoto wa shule.

*

Kwetu kuku haandaliwi ovyo. Kila kipande kina mwenyewe, na firigisi ni ya mwenye nyumba. Mke anayempa mtu mwingine firigisi amemwambia mumewe jambo ambalo hakuna kikao cha wazee kitakachomsaidia kulisahau. Kwa hiyo Roda alipoleta chakula, obusuma, yaani ugali, ukitoa mvuke katikati ya meza, kila mtu alijua kilichokuwa ndani ya kibakuli kidogo chenye kifuniko alichokiweka mbele ya mumewe, tena kwa kupiga goti.

Mwalimu alinawa. Alizungusha macho kwa wageni, mtu anayependa watu wamwone akiheshimiwa. Akafunua.

Kichupa kilikuwa kimesimama katikati ya bakuli, kimeoshwa, kifuniko juu.

Mchungaji alidhani ni achari. Mwalimu akarudisha kifuniko haraka, lakini kwa pupa akaligonga bakuli, likapinduka. Kichupa kikabingirika mezani, kikaanguka kwenye mkeka, kikasimama kwenye goti la Mama Dinah. Kikongwe alikiokota. Macho ya uzee hayakumsaidia kwa kitu kidogo vile, akakisogeza puani.

"Eh," alisema. "Hii ndiyo."

"Mama, lete hiyo."

"Hii ndiyo nilimpaka mtoto. Nilisema ilikuwa inanukia." Alinusa tena, taratibu, akimtazama mwanawe. "Hii si ya kupe, Cornelius. Hii ni ile yako ya mvuke, ile ulisema ni dawa. Mbona uliniambia mimi nimesahau?"

Mwalimu Cornelius alifungua mdomo. "Utafiti," alianza, na kikohozi kikamkamata, kile cha zamani, cha chini kabisa, kikamkunja juu ya meza mpaka tai ikaingia kwenye mchuzi. Kwa kawaida Roda angekimbilia maji. Alikaa. Mchungaji Wanzala alijifanya anatafuta ukurasa katika Biblia.

Osiako yeye alikuwa ameinama, amekichukua kichupa kwa adabu kutoka mkononi mwa kikongwe, na anakigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Aliitazama ile T kwa muda. Alimtazama Mwalimu, kisha akatazama nyama ya jogoo wake.

"Mwalimu," alisema, bila kupandisha sauti, "kijana wangu arudi shule lini?"

Kikohozi kilikuwa kimepungua. Mwalimu alijifuta macho kwa kitambaa.

"Kesho," alisema. "Aje kesho."

"Haya." Osiako akakitia kichupa mfukoni mwa koti, akafunga kifungo. "Hii nitakaa nayo mimi. Usaili wako nasikia ni wiki ijayo."

Nekesa alikuwa ametambaa mpaka kwenye mkeka, na safari hii mikono ya nyanya yake haikurudi nyuma. Roda aliinuka, akaenda jikoni, akarudi na kisahani. Akakiweka mapajani mwa Mama Dinah, mbele ya mchungaji, mbele ya mgeni, mbele ya mwenye nyumba.

"Ni nini hii, Mama Nekesa?"

"Imondo, Mama. Kula."

Katika ujana wa Mama Dinah mwanamke hakuonja kuku kabisa, sembuse firigisi. Kikongwe alisita kidogo. Kisha akaitia mdomoni, akaitafuna upande wenye meno, kwa makini, huku mwanawe akimwangalia, tai yake ikidondosha mchuzi. Alitafuna mpaka mwisho akameza.

"Kumbe ndiyo hii mlikuwa mnatunyimanga," alisema. "Ngumu tu."